Sahani Hupita Imefunikwa

Katika hoteli ya shangazi yangu mjini Sotik, sahani yoyote iliyovuka mlango ilifunikwa. Ukitumwa kumpelekea fundi wa viatu ugali na matumbo, ulichukua sahani ya pili, ukaigeuza juu ya ile ya kwanza, ukazibana kwa mikono miwili na kupita katikati ya steji bila kusimama. Mtu akikuuliza sababu, ungemjibu nzi na vumbi, na hungekuwa umemdanganya, maana magari ya Kericho na ya Kisii yakipishana pale hayaachi kitu bila kukipaka wekundu. Lakini hata siku ya mvua, vumbi limelala na nzi wamejificha, sahani ilifunikwa. Shangazi hakuwa mtu wa maelezo marefu. "Pale steji kuna watu hawajala," alisema, kisha akarudi kwenye sufuria zake.

Watu wenyewe walikuwa makanga, wapakiaji mizigo, kina mama wa ndizi waliofika alfajiri kutoka upande wa Chebilat, mpakani na Wakisii, na vijana waliokuja mjini kutafuta kibarua cha kuchuma majani ya chai wakakikosa. Wote walijua kilichomo ndani ya sahani, maana harufu haifunikiki. Walichoepushwa ni kule kulazimika kukitazama. Kwetu Wakipsigis, mtu akikukuta unakula humwulizi kama ana njaa, unamsogezea. Ukishamwonyesha chakula umemwalika. Kwa hiyo mwenye sahani ya mtu mmoja, asiyeweza kuialika steji nzima, huifunika na kupita zake.

Nimeyakumbuka hayo mara nyingi katika miaka hii ya simu, kila nimwonapo mtu amepanda juu ya kiti hotelini akitafuta pembe nzuri ya kumpigia picha samaki aliyekaangwa, huku wenzake wameinamisha vichwa wasiingie ndani ya fremu. Sisemi anakosea kwa kuwa anapiga picha. Mimi mwenyewe kamera imenilisha. Ninachojiuliza ni kama anajua idadi ya watu anaowaketisha mezani kwake, na anachonuia kuwapa.

Hoteli ninayoisema haikuwa na kitanda hata kimoja. Ilikuwa chumba kirefu chenye giza, jiko la kuni nyuma, meza zilizofunikwa plastiki ya maua, na beseni la kunawia lenye birika ambalo kazi ya kulijaza ilikuwa yangu wakati wa likizo za shule. Mlangoni kulikuwa na kabati la vioo lenye mandazi na chapati, na ndani yake balbu iliyowaka mchana kutwa. Vyakula vya kabatini vilikaa wazi, na hakuna aliyeona tatizo, kwa kuwa vilikuwa vinauzwa: mwenye shilingi zake anaingia, asiye nazo anajua bei na anaweza kurudi kesho. Kilichofunikwa ni sahani iliyokwisha kupata mwenyewe.

Nje, ukutani, mchoraji wa mabango alikuwa amechora kuku mzima amelala chali juu ya sinia, miguu juu, mvuke ukipanda kwa mistari mitatu myeupe. Shangazi hakupika kuku hata siku moja. Wasafiri waliomwona wakashuka kwenye gari na kumwagiza walijibiwa kwa upole, "Huyo ni wa ukutani," wakaletewa supu ya mbuzi.

Meza iliyogombewa ilikuwa ile ya kona ya nyuma, karibu na jikoni, palipo na moshi. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini mtu aache meza ya dirishani, yenye hewa na mandhari ya barabara, akakae kwenye moshi na kuupa mlango mgongo. Baadaye nilielewa. Mwalimu ambaye mshahara umechelewa alikula pale maharagwe ya mkopo. Mkulima aliyepokea bonasi ya majani mwezi wa Oktoba alikula pale nusu kilo ya nyama peke yake, kabla hajafika nyumbani kwa mke, watoto, wadai wa mkopo na ada ya shule. Msichana wa chuo na kijana ambaye nyumbani kwao hawakumjua walikunywa pale chai, vikombe viwili, kwa saa nzima. Karani fulani alikuja kila Ijumaa kula ugali wa wimbi na maziwa lala kwa sababu, nilikuja kusikia, ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimpikia siku hiyo.

Nilifunzwa kutojua lolote kati ya hayo. Shangazi alisema mhudumu mzuri ana macho ya kuona kikombe kimeisha na hana macho ya kuona ni nani alikinywa. Watu wengi hudhani hotelini ni mahali pa kuonekana. Katika mji mdogo, ambako barabara ni moja na kila mtu ana binamu yake upande wa pili, hotelini ndipo mahali pekee ambapo mtu hununua, pamoja na chakula, nusu saa ya kutoulizwa.

Nilipomaliza shule niliingia kazi ya picha, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti, harusi na mazishi. Zilikuwa bado siku za filamu. Roli moja ilikuwa na picha 36, na kila ukibonyeza ulisikia pesa zikitoka mfukoni. Kwa sababu hiyo adabu haikuwa na haja ya kufundishwa sana, gharama ilitufundisha. Hata hivyo mzee alikuwa na kanuni zake. Mtu akitafuna, kamera hutazama chini. Chakula hupigwa picha moja, kabla ya wageni kukaribishwa, ukiwa umesimama pembeni, kisha unaondoka mezani na hurudi hadi vyombo vitolewe. Alisema hakuna binadamu aliye mzuri mdomo ukiwa umejaa, hata bibi harusi.

Kwenye koito, siku familia mbili zinapokutana kupatana mahari, kanuni hizo zilipata uzito mwingine. Kwa heshima ya kikwetu, mkwe hujitenga na mama mkwe, na haipendezi waonekane wakila pamoja. Wenye shughuli hulipanga hilo vizuri: huyu hapa, yule kule mwisho wa hema, akina mama wengine katikati. Sasa wewe njoo na lenzi ndefu, usimame pembeni, ubonyeze. Lenzi ndefu ina tabia ya kuwakusanya watu. Waliokaa pembe mbili za hema unawakuta kwenye picha bega kwa bega, mmoja na paja la kuku mkononi, mwingine na kikombe. Picha ya namna hiyo ikioshwa na kupelekwa kwa wenyewe, huanza mjadala usioisha. Mzee alikuwa akiipitia kila negativu kwenye mwanga wa dirisha akitafuta ajali za aina hiyo, na alizozipata hazikufika kwenye albamu. Kazi hiyo ya kuchuja, kati ya kubonyeza na kuonyesha, ndiyo iliyokufa kwanza simu zilipokuja.

Zilikuja haraka. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp iliuza Japani simu yenye kamera ambayo mtu aliweza kutuma picha papo hapo. Oktoba 2010 Instagram ilizinduliwa. Mwaka 2011 Safaricom ilikuwa ikiuza simu ya Huawei Ideos kwa takriban Sh8,000, na walimu na wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa cha Sotik wakaanza kuonekana wakitelezesha vidole kwenye vioo. Picha ikawa haina bei. Na kitu kikikosa bei, watu hukifanya kabla ya kufikiri.

Siku moja gari la vijana kutoka Nairobi lilisimama mbele ya hoteli, wakiwa safarini kwenda harusini upande wa Kisii. Nilikuwa nimekaa kaunta nikimsaidia shangazi hesabu. Walikuwa vijana wazuri, wacheshi, wenye salamu. Mmoja aliuliza kama kuna mursik. Ilikuwepo. Shangazi alikitikisa kibuyu, akafungua kifuniko cha ngozi, akammiminia kikombe.

Kwa msomaji asiyeijua: kibuyu husuguliwa ndani kwa ufagio mwembamba wa mtende, kikaoshwa, kikakaushwa, kisha kikapakwa ndani makaa yaliyosagwa ya mti tunaouita senetwet. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa hutiwa humo yakalala siku kadhaa. Yakitoka huwa mazito, na yana mistari ya kijivu, buluu kidogo, ambayo kwetu ndiyo dalili kwamba mwenye kibuyu anaijua kazi yake. Harufu yake ni ya moshi safi. Mursik nyeupe pe humfanya mzee wa kwetu aulize ilinunuliwa duka gani.

Yule kijana aliinua simu, akawasha flashi. Atakayepiga picha chakula chini ya taa ya neli, katika chumba chenye giza, kwa flashi ya simu, ajue hivi: ugali huungua ukawa bonge jeupe lisilo na umbo, mafuta ya sukuma hung'aa kama yamemwagwa ya taa, ugali wa wimbi hugeuka tope, na mvuke wote hutoweka. Mursik hupata tabu kuliko vyote. Makaa yake huchukua rangi ya samawati ya ile taa. Picha aliyoitazama kijana kwenye kioo chake haikuwa kile kilichokuwa kikombeni, lakini aliiamini picha. Akaandika kitu kuhusu maziwa na saruji, akaipakia, na muda si muda mwenzake akawa anasoma kwa sauti majibu ya watu.

Shangazi alikuwa amesimama na kitambaa begani. Akauliza, "Wamesemaje?"

"Aa, wanacheka tu, mathe."

"Wako wapi?"

"Kila mahali. Nairobi, Mombasa. Huyu yuko Dubai."

"Waambie waje waonje."

Meza ikanyamaza kidogo. Shangazi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatatiza. Alikijaza tena kikombe, akasimama pale pale kando ya meza kama anayesubiri chombo chake, mpaka kijana akanywa. Akanywa chote. Akasema kweli ni nzuri, inauma ulimi mwanzoni halafu inatulia, na nadhani alisema kweli kwa sababu aliomba wafungiwe lita moja. Gari likaondoka. Ile picha ilibaki kule ilikokuwa, na maneno yake chini yake, na kijana hakuongeza neno la pili.

Mursik si kitu cha kufichwa kamera. Wanariadha wetu wakirudi na medali, hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu, na mpiga picha asiyeinasa nafasi ile ya kwanza ya kunywa amepoteza safari yake. Hizo ni picha nzuri, na siku zote nazipenda. Chakula kile kimeandaliwa kionekane. Anayekunywa amekimbia mbio ili akinywe mbele ya watu. Na kibuyu kikitoka kwake hupita kwa wazazi, makocha na wenzake. Kikombe cha shangazi kilikuwa cha mgeni mmoja, kimemiminwa kwa ajili ya koo lake. Wale wengine waliokalishwa mezani kutoka Mombasa na Dubai walionyeshwa wasipewe. Ukimwonyesha mtu chakula usimpe, unamwachia kazi moja tu ya kufanya nacho, nayo ni kukisema.

Nikiwaeleza hayo vijana wa kwangu hunijibu kwa methali, kwa sababu wanajua udhaifu wangu: pilipili usiyoila yakuwashiani? Chakula nimelipia mimi, simu ni yangu, bando ni langu. Nusu ya jibu hilo naikubali. Sahani iliyo mbele yako ni yako, na mtu aliyeweka akiba mwezi mzima ili ampeleke mama yake kula kuku ana haki ya kukumbuka. Picha ya namna hiyo, mama ameshika uma asiouzoea, nimeipiga mimi kwa hiari yangu, bila malipo, na nitaipiga tena.

Nusu nyingine inanikwama. Rafiki yangu wa Mombasa hunisimulia jinsi kwao Ramadhani futari hupita vichochoroni kutoka nyumba hadi nyumba, na kila sinia limefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukindu chenye ncha. Jirani hujua kwamba kimepita chakula, hajui kama ni viazi vya nazi au mihogo mitupu, na aliyepelekewa mihogo haoni haya. Sikutegemea kuona sheria ya shangazi yangu, mwanamke wa vilima vya chai ambaye hajawahi kuiona bahari, ikitembea Mombasa chini ya kofia ya ukindu. Sasa, anasema rafiki yangu, meza za futari huwekwa mtandaoni kabla ya adhana, na mama yake mzee husema saumu ya jirani imefunguliwa kwa macho.

Huko ng'ambo nako wamevutana kuhusu jambo hili, ila kamba yao ni nyingine. Mwaka 2014 mpishi Alexandre Gauthier wa mkahawa wa La Grenouillère, kaskazini mwa Ufaransa, aliweka kwenye menyu yake alama ya kamera iliyokatwa mstari. Mkahawa wa Momofuku Ko wa New York nao ulikataza picha. Wapishi hao walitaka mteja ale kilichopikwa kingali na moto, na kidogo walichoka na mwanga wa flashi kwenye vyumba vyao vidogo. Nawaelewa. Ugali ukipoa hupata ngozi, na chai ya maziwa ikisimama hupata utando ambao hakuna kichujio cha rangi kitakachoupendezesha. Lakini katazo la namna hiyo lingekuwa kichekesho Sotik. Shangazi hakuwahi kudhani kwamba matumbo yake ni siri ya sanaa. Chema chajiuza, alisema, na akaacha mlango wazi.

Mwenye kuuza sasa ni binti yake. Yeye ndiye aliyenionyesha upande ambao sikuwa nimeuona. Kila asubuhi, saa nne hivi, huweka kwenye status yake ya WhatsApp picha ya sufuria: leo kuna matumbo, leo kuna sagaa iliyolala kwenye maziwa, leo ugali wa wimbi. Wanaoitazama ni walimu wa shule za karibu, makarani, wenye maduka, madereva wa magari yanayopitia Kaplong kwenda Bomet na Narok. Simu huanza kuingia. "Niwekee moja." "Mbili, za kubeba." Kufikia saa saba, sufuria zimeoshwa. Hapigi kwa flashi. Husogeza sufuria kwenye mlango wa nyuma, mawingu yanapokuwa mepesi, na mwanga wa mlangoni unaingia kwa upande ukapita juu ya majani ya mboga hata ukaona maziwa yalipokauka pembeni. Sikumfundisha mimi. Alijifunza kwa kutazama watu kama Dennis Ombachi, mchezaji wa zamani wa raga aliyejipatia jina kwa kupika mbele ya simu.

Picha ile ni lile kabati la vioo la mlangoni, na balbu yake. Anayeiona anaweza kuja. Bei inajulikana, mahali panajulikana, na mwenye kuipiga anakuambia: ni chako ukitaka. Nikiipima kwa sheria ya steji, ni sahani iliyo wazi kwa sababu bado inatafuta mwenyewe. Sijaona adabu yoyote ya zamani inayoikataza.

Ugumu hauko kwenye sufuria. Uko kwenye nyuso zilizo nyuma ya sufuria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitambua picha inayomtambulisha mtu kuwa ni habari zake binafsi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya Sh1,850,000 kwa kupakia picha ya mteja bila idhini yake. Katika tangazo hilo hilo shule moja ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Nilimsomea binti wa shangazi habari hiyo kutoka kwenye simu. Akakokotoa upesi hiyo ni sahani ngapi za matumbo, akasema hataki kusikia zaidi.

Sheria hiyo huwaachia nafasi watu binafsi wanaoshughulika na mambo yao ya nyumbani, kwa hiyo kijana mwenye kikombe cha mursik huenda haimgusi. Hapo ndipo heshima inapochukua zamu. Mteja wa kona ya nyuma hawezi kusimama na kukuambia usimpige picha, kwa kuwa kusimama ndiko kuonekana kwenyewe. Mhudumu naye hawezi kukataa. Amefunzwa kusema ndiyo kwa mteja, na tabasamu unalolinasa ni la kazi. Ni vivyo hivyo kwa wachuma majani wa barabara ya Kericho. Magari ya wageni husimama, madirisha hushuka, simu hutolewa, na wanawake wenye vikapu mgongoni huwa mapambo ya kilima. Wengi hujifunika uso kwa leso. Wageni hudhani ni jua.

Kuuliza hakuchukui muda. Unaelekea kwenye meza ya jirani, unasalimia kwanza, kwa mkono kama ni mzee, unasema: ninapiga sahani yangu, huenda bega lako likaingia, ni sawa? Wengi watasema ni sawa. Wengine watasogeza kiti kimya kimya. Wachache watasema wapigwe wao, sahani ikae kando, na utalazimika kuahidi kuwatumia. Kwa mhudumu unauliza tofauti: unamwuliza mwenye hoteli mbele ya mhudumu, kisha mhudumu mwenyewe, mwenye hoteli akiwa ameondoka. Mara nyingi majibu huwa mawili.

Kuhusu walio meza moja nawe, bado tunatafuta utaratibu. Kwetu watu huomba kabla ya kula, na katika Kaunti ya Bomet, ambako kanisa limeota mizizi mirefu, sala ya chakula si jambo la sekunde. Nilikaa jirani na familia iliyokuwa imetoka mahafalini, meza imejaa, babu akaanza kuomba. Mjukuu mmoja, macho wazi, akazunguka meza na simu akirekodi vichwa vilivyoinama na vyakula vinavyotoa mvuke. Babu alifika kwa wapishi, akafika kwa waliolima, akafika kwa serikali. Halafu akafumbua jicho moja, akaiona simu bado iko juu, akalifumba, akaanza kuwaombea wasafiri wa barabara zote za Kenya, moja moja. Simu iliposhushwa, amina ilikuja mara moja. Wali ulikuwa umepoa.

Mwaka huu binti wa shangazi alipata kesi yake. Katika picha moja ya sufuria, nyuma kabisa, mtu mwenye koti la kijivu alionekana akikata nyama, saa ile ile aliyomwambia mkewe kwamba amekwama kwenye foleni ya kupimia majani. Mkewe anayo nambari ya hoteli, huagiza chapati. Yule bwana alifika jioni, hakuketi, akasema neno moja: "Futa." Ikafutwa, akapewa chai asiyoiomba, na tangu hapo sufuria hupigiwa picha ukutani upande wa jikoni, pasipo na meza. Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata fundi wa redio, mteja wa dirishani wa siku zote, akaja kulalamika: zamani alikuwa akionekana kwenye picha kila mara, jamaa zake wa Litein walikuwa wakimwona, na sasa amenunua koti jipya hakuna anayelijua. Anataka arudishwe. Binti wa shangazi alimtazama, akatazama daftari la madeni, akamwambia picha ni bure, ila alipe kwanza chai za tangu Jumatatu.